Fomu Iliyokuja Imejazwa

Irmeli, nakuandikia nimekalia kreti ya maziwa hapa jikoni shuleni. Nimetoka kuongea na mtu wa kodi.

Yale malimbikizo ya mshahara ya miaka minne tuliyolipwa kwa mpigo, wameyakata kodi kama vile nimeyapata yote kwa mwaka mmoja!

Kijana mwenyewe mpole. "Dada Raili, uliomba yagawanywe kwa miaka uliyoyafanyia kazi? Kodi ingeshuka sana."

Nikamwambia fomu ya kodi ilikuja kutoka kwao imeshajazwa.

"Tunajaza tunachokijua. Hilo unaomba mwenyewe, kabla hesabu yako ya mwaka haijafungwa."

Nikamuuliza, yangu imefungwa lini?

"Juzi."

Juzi, Irmeli! Juzi nilikuwa sauna nimejilaza kwenye mvuke!

Na wala si pesa inayoniumiza. Nani alisimama mbele ya watu saa ya kahawa, mwakilishi mzima wa chama cha wafanyakazi, akasema "fomu ikija msiiguse, ukinyamaza umekubali, hawa wa kodi hawakosei"? Si mimi huyu? Watu kumi na mmoja walinisikiliza. Nimechoka hata kulia siwezi.

Nitawafuata mmoja mmoja niwaambie. Kijana kasema kila mtu ana tarehe yake ya kufungiwa hesabu, huenda wengine bado wanawahi. Nimeanza na wewe. Weka hicho kikombe chini, fungua fomu yako, niambie imeandikwa tarehe gani.

Alama za ujumbe zimegeuka buluu, umeshasoma.

Irmeli?

Usininyamazie, mwenzangu. Leo usininyamazie.