Nguvu ya Mpira Uliochoka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hiyo kisha nikatulia kidogo, kama vile ungeitikia. Mazoea haya.

Nakuandikia kutoka ofisi ya walimu hapa Bagara, madaftari ya kidato cha pili yakinisubiri mezani. Nimechanganyikiwa, na sina mwingine wa kumweleza bila kuona aibu.

Unaikumbuka manati yako ya mpira wa tyubu? Kule Singe, alizeti ikikomaa, ulinipa nifukuzie ndege, ukanionya nisiiache imevutwa. Nikajifanya mjanja. Niliitundika jikoni, mpira nimeunyoosha hadi msumari wa pili, nikidhani nguvu itazidi kujaa humo. Ilikaa hivyo wiki nzima ya mvua. Nilipokuja kufyatua, jiwe lilidondoka karibu na miguu yangu, na ndege wakaendelea kula. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Nikakuuliza, "Baba, nguvu yote ile imekwenda wapi?"

"Mimi sijui, mama. Nenda shule, ukijua uje uniambie."

Basi nilienda, na leo mimi ni mwalimu wa fizikia. Wiki iliyopita nilifundisha kwamba ukivuta manati nishati hukaa kwenye mpira, ukiachia huhamia kwenye jiwe. Darasa zima lilikariri vizuri, nikafurahi. Ndipo Paskalina, binti mmoja mpole anayetoka Mutuka, akanyoosha mkono.

"Madam, na nikivuta nisiachie, mpaka mpira uchoke? Jiwe halijaenda popote. Nishati imeenda wapi?"

Baba, nilimwambia akae, aache kupoteza muda wa wenzake. Tangu siku hiyo hanyooshi mkono, hata kwa maswali ninayojua anayaweza. Wenzake sasa wanamwita Mpira Umechoka.

Kitabu kinasema nishati hiyo hugeuka joto. Nimeufunga mpira kwenye miguu ya meza tangu Jumatatu, naugusa kila nikiingia, na ni wa baridi tu. Hilo joto limepita saa ngapi? Mwalimu mwenzangu ananiambia, "Achana na swali hilo, halitoki kwenye mtihani." Labda ni kweli, lakini bado sielewi. Tena naumia nikikumbuka ulivyosema hujui huku unacheka, nami nikaendelea kukuuliza maswali miaka yote. Mimi mwenye cheti nimemnyamazisha mtoto kwa kuuliza swali langu mwenyewe.

Kesho kipindi cha kwanza ni changu. Nitaingia na mpira huu, niseme mbele ya wote kwamba sijui. Naogopa watanicheka, na sijui kama Paskalina ataniamini.

Pumzika kwa amani, baba. Ulinituma nifuate jibu na nimechelewa kulileta. Aliyekuwa tayari kulitafuta pamoja nami nilimwambia akae. Kesho nitamwomba asimame.

Mwanao,
mfukuza ndege wako