Kutasa kwa Barua

Stesheni ya Reli, Voi

Mpendwa ndugu yangu Mwadime,

Salamu zangu zikufikie hapo Makwasinyi, Kasigau, pamoja na mkeo, na kabla ya wote zimfikie binti yetu Wakesho hapo kitandani. Je, homa imeshuka? Uji anaunywa? Mimi huku mwili ni mzima, moyo ndio wenye mambo.

Barua yako nimeipata na hii nimeisoma. Zile tatu za kwanza sikuzifungua, nilizitia chini ya godoro. Unasema mzee ameagua, akaona ugonjwa wa mtoto umetoka kwenye hasira ya baba yake mkubwa, yaani mimi, na sina budi nije nitase: nitie maji kinywani, niyapulize chini, niseme moyo umepoa.

Ndugu yangu, nitakujaje? Nimefungwa huku kama mbuzi wa kuchinjwa. Jua limekausha kila kitu, injini zina kiu, na msimamizi ameapa hatoki mtu mpaka mvua inyeshe. Nilipomwomba ruhusa alisema, "Mwakio, ukienda wewe, treni nitazinywesha mate yangu?" Ndovu nao wametuzunguka. Juzi dume moja lilitia mkonga ndani ya tangi likavuta hadi nikasikia chini kunakwaruza. Nikalishika mkia, nikaliambia kwa Kidawida, toka hapa. Likatoka, tena kwa adabu. Watu waliona.

Ningeweza kutasa siku ile ile barua yako ilipofika, nikakuandikia kwamba nimepoa. Lakini nilikuwa bado nawaka. Kutasa huku umekasirika ni kumdanganya mtoto mgonjwa, na hilo lilinishinda hata mimi. Kisa unakijua. Mama alifariki mkamzika bila mimi. Miaka mitatu nimesema kwa kila mtu, Mwadime amenifanya si mtoto wa mama.

Basi nikajiuliza jambo ambalo sijawahi kuuliza: hivi ilikuwaje? Nikamwendea Mzee Juma, bawabu wa hapa stesheni.

"Mzee, mwaka ule mama yangu alipofariki, hakuna mtu aliyekuja kuniulizia?"

Akakuna kidevu. "Alikuja mmoja kutoka Kasigau, mguu mmoja mbovu, nyayo zimevimba. Lakini hakukuulizia wewe."

"Alimuulizia nani?"

"Bwana Mwakio, naibu wa stesheni masta, mwenye nyumba ya vigae. Tulicheka, bwana! Tukamwambia Mwakio wa cheo hicho hapa hayupo. Akangoja kutwa nzima, halafu akaenda zake."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Juu ya tangi, unaimba."

Nikakaa pale pale kwenye kokoto. Shemeji yetu Mwambi, na ule mguu wake, siku mbili porini kwenye vifaru, anamtafuta mtu niliyemtunga mwenyewe kwenye barua! Mwadime, mimi si naibu wa mtu. Najaza maji kwenye injini. Nyumba yangu ni chumba cha mabati, tunalala wanne. Ukimtuma mtu tena, amuulizie mjaza maji. Huyo hata mbwa wa Voi wanamjua.

Nikainuka, nikachota maji, nikayatia kinywani. Mzee Juma alisimama shahidi, ingawa yeye ni Mwislamu na mimi nimebatizwa. Mwalimu wa kanisa usimwambie. Nikapuliza chini nikasema: "Kama ni hasira yangu iliyomshika Wakesho, imwachilie. Mwadime hakunikosea." Msomee maneno haya karibu na sikio lake.

Sasa nina swali, nalo naliogopa. Miaka yote hiyo ulijua Mwambi alirudi mikono mitupu, huku mimi nakutukana kwa kila aendaye huko. Moyo wako ulikuwaje? Pengine mzee aliona hasira ya kweli, akakosea tu ni ya nani. Kama unanikasirikia ni haki yako, na sikuombi uifiche. Nitukane kwanza, uyamalize yote. Kisha, ndugu yangu, kwa ajili ya mtoto, chukua maji nawe utase.

Msalimie mkeo, na dada yetu aliyeolewa Wundanyi. Shemeji Mwambi mpe pole yangu, na msamaha nitamwomba mwenyewe kwa mdomo.

Niandikie upesi habari ya mtoto, iwe njema au mbaya. Kila barua nitaifungua.

Ni mimi kaka yako,
Mwakio