Saini ya Mukengere

Jumatatu, 6 Mei 2024

Nimerudi kutoka ofisi ya wilaya bila kugombana na mtu. Hiyo peke yake ni habari.

Madame Uwineza, afisa wa watoto, ni mpole. Upole wake ndio unanimaliza. Amepanga karatasi zangu mezani moja moja: cheti cha daktari, cheti cha polisi, barua ya padri (mimi, nisiyekanyaga kanisani, kuandikiwa barua na padri!), picha za nyumba. Hata choo kimepigwa picha. Zote safi. Inakosekana moja tu: ridhaa ya ndugu wa mtoto.

Mtoto ni Ushindi, miaka minane. Mama yake, Nabintu, alikuwa akivuka kutoka Bukavu na nyanya zake. Mpaka ukifungwa kabla hajamaliza kuuza, analala kwangu, na mtoto mgongoni. Baba alikufa kwanza. Nabintu alikufa mwaka juzi, Ushindi akabaki kwangu. Mimi ni Mnyarwanda niliyezaliwa Bukavu, yeye ni Mkongomani aliyekulia hapa Rusizi, Rwanda. Kwa hiyo dosiye yetu, jalada la ofisini, imeandikwa juu: kuasili mtoto wa nchi nyingine. Nchi nyingine! Nikitoka barazani naona mabati yao ng'ambo.

Bila hukumu ya korti, mwaka wa shule ukiisha hawezi kuendelea kukaa kwangu.

Alhamisi, 9 Mei

Madame Uwineza amenong'ona kwamba wengi huandika "ndugu hawajulikani". Tangazo linasomwa redioni, siku zinapita, kwisha.

Nimekataa. Kwa sauti, ofisi nzima imesikia. Miaka ishirini nimeandika magazetini dhidi ya watu wanaofuta familia za watoto kwa muhuri, na leo nifute mimi? Baba yake Ushindi aliacha mdogo wake, mwalimu huko Nyangezi, ng'ambo ya mpaka. Nitamtafuta.

Nimerudi nyumbani kichwa juu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimempata. Mwalimu Mukengere, mwembamba, chaki kwenye mkono wa koti hata siku ya Jumamosi. Batoto sita. Mkewe amenipa bugali na samaki kabla ya kuniuliza nimefuata nini.

Nikaeleza. Akacheka kwa furaha, akajibu kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Maman Micheline, mutoto njo wako. Nani anakukatalia?"

"Basi saini hapa."

Kicheko kikakatika. Akasogeza karatasi pembeni kwa kidole kimoja.

"Kukupa, nimekupa. Kuandika, hapana. Sisi mutoto tunamupana kwa kinywa. Ukiandika, umemutupa. Siku moja atasoma ile jina langu chini, atasema: huyu njo aliniuza."

Nikamwambia huo ni woga umevaa koti la mila. Nikatoa hoja zote nilizo nazo, na ninazo nyingi. Alinisikiliza kama mwanafunzi. Halafu akasema taratibu:

"Lakini Maman, wewe njo uliandika kwamba mutoto si muzigo, hapitake mupaka na bordereau, karatasi ya mizigo. Ile makala yako ya zamani. Naisomeshaka darasa la sita, kama mfano wa kutetea hoja."

Mkewe alikwenda kucheka jikoni.

Jumapili, 12 Mei

Nimeitafuta makala. Nimeisoma mara mbili nikitafuta tundu.

Haina tundu. Nilikuwa naandika vizuri.

Jumatano, 15 Mei

Mukengere amekuja mwenyewe ofisini, kwa heshima yangu, amevaa tai. Alidhani atasema kwa kinywa mbele ya serikali na itatosha.

Madame Uwineza: Unampa mama huyu mtoto?

"Nimekwisha kumupa."

Basi saini.

"Nimekwisha kusema, Madame. Mbele yako. Una masikio."

Madame akaandika: ndugu amepatikana, amekataa kusaini. Kisha akatusomea kifungu, na safari hii hakututazama. Mtoto mwenye ndugu wa damu anayejulikana, ambaye hakutoa ridhaa, anarudishwa kwa huyo ndugu. Jumatatu.

"Kwangu?" Mukengere akauliza. "Lakini mimi sikumuomba!"

Nimemtafuta mimi. Nimelipa gari mimi, nimekula samaki wake, nimemleta mpaka mezani. Kama ningeandika uongo wa maneno mawili, Ushindi angebaki.

Tulisimama nje, mimi na yeye, hakuna aliyepata wa kumtukana.

Ijumaa, 17 Mei

Wakili anasema rufaa inawezekana. Miezi. Mtoto atasubiria ng'ambo.

Ushindi ameuliza kama huko wanahesabu kwa Kifaransa. Nikasema ndiyo. Akaanza kwa Kifaransa kidogo nilichomfundisha, akafika sitini na tisa, akakwama, akanitazama. Nikamwambia: septante, sabini ya kwao. Akaendelea.

Namfundisha njia ya kuondoka.

Jumatatu, 20 Mei

Naandika kwenye benchi la nje ya ofisi.

Karatasi ya leo ni fupi: mimi fulani nimempokea mtoto fulani. Mukengere aliiangalia muda mrefu. Akauliza, asiposaini? Madame Uwineza akajibu kwa sauti ndogo: atapelekwa kituoni, pamoja na watoto wasio na mtu.

Nilimwambia asisaini. Nilimwambia asaini. Sijui nilianza na lipi.

"Kupokea mutoto wetu haiko haya," akasema, kama anayejisomea. Akaomba kalamu yangu. Akaandika majina yake yote matatu bila kuinua mkono. Mwandiko wa mwalimu, mzuri sana. Muhuri ukagongwa juu yake.

Kisha Madame akaniuliza nguo za mtoto ziko wapi.

Nikasema ziko kwenye kamba, nimezifua asubuhi, bado mbichi. Nimefua zote, hata zilizokuwa safi. Hakuniuliza kwa nini. Akasema basi tungoje zikauke, lakini wavuke kabla mpaka haujafungwa.

Ushindi amekaa katikati yetu, anamfundisha baba yake mdogo kuhesabu kwa Kinyarwanda. Upande wa vilima vya Nyakarenzo mawingu ni meusi. Mimi, niliyewacheka kwenye magazeti watu wanaoomba mvua, naomba inyeshe.