Mama Mkwe Hana Breki ya Mbele, Nami Sina Mdomo

Mpendwa Mshauri,

Samahani kwa alama za vidole kwenye karatasi, nimenawa mara mbili kwa sabuni ya unga lakini grisi ya gereji haina adabu, na ninakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya oili huku wateja wakidhani naandika orodha ya vipuri, maana jambo hili sina wa kumwambia, na Jumamosi ikifika kabla sijapata msaada wako sijui nitauweka wapi uso wangu.

Mimi ni fundi wa pikipiki, mwaka wa kumi na moja sasa, na si kwa kujisifu, injini ikikohoa tu mimi najua inaumwa wapi. Nimeoa, mke wangu anashona sare za shule, na tunaishi vyumba viwili vya uani kwa mama yake, yaani mama mkwe wangu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na kweli kazi yake ilikuwa ng'ombe, alikuwa afisa mifugo, amestaafu lakini wafugaji bado wanamwita, naye anatia sanduku la dawa nyuma ya pikipiki yake na kwenda, mtaa mzima unamjua kwa jina la Bibi Mifugo. Mimi namheshimu kupita kiasi. Akiingia sebuleni nasimama, akiniuliza jambo natazama miguu yangu, na tangu nimwoe binti yake sidhani kama nimewahi kumjibu kitu kisichoanza na "ndiyo mama".

Sasa shida ni hiyo pikipiki. Haina breki ya mbele. Sisemi ni mbovu, Mshauri, nasema haipo. Waya wake aliuchomoa mwenyewe miaka mingi iliyopita na leo umefungwa uani kati ya nguzo mbili, tunaanikia nguo, na ovaroli langu la kazi linaning'inia hapo kila Jumapili likinicheka. Marehemu baba mkwe ndiye aliyemfundisha kuendesha, akamwambia breki ya mbele humrusha mtu juu ya usukani, asiiguse kamwe, naye mama akaona kitu kisichoguswa kina faida gani, akakiondoa. Siku moja nilijikaza nikamwambia, "Mama, hii breki ya mbele ingefaa..." Hata sijamaliza, akasema, "Baba yenu aliniambia, na mwaka wa ishirini na sita huu sijaanguka." Nikasema ndiyo mama, nikachukua vikombe vya chai nikavipeleka jikoni.

Kwa hiyo anategemea breki ya mguu peke yake. Mchana mmoja alipokuwa amejipumzisha nikafungua gurudumu la nyuma haraka haraka, nikakuta brekishuu, vile vipande viwili vinavyobana gurudumu kwa ndani, vimelika vikabaki vyembamba kama kucha. Nikaweka vipya kimya kimya, nikafunga, nikajipongeza. Kesho yake akakanyaga breki kwa nguvu zake zile zile za siku zote, gurudumu likajifunga, akateleza kutoka getini mpaka kwenye banda la kuku. Hakuumia, aliumia jogoo mguu, naye akamfunga bandeji palepale. Kisha akaniita. "Nani ameshika breki yangu?" Nikatazama miguu yangu. "Rudisha zile zangu nilizozizoea." Na mimi, fundi wa miaka kumi na moja, nikasema ndiyo mama, nikaziokota zile zilizokwisha kwenye pipa la takataka, nikazipangusa, nikazirudisha kwa mikono yangu hii.

Tangu hapo silali vizuri, maana mke wangu kila asubuhi hupanda nyuma ya mama yake kwenda kazini. Utauliza kwa nini simpeleki mimi. Gerejini kwangu pana pikipiki saba na hakuna hata moja yangu.

Basi nikapata wazo, na hapa ndipo ninapoona aibu hata mbele ya karatasi. Juu ya plagi kuna kofia ndogo ya mpira inayopeleka moto, ukiichomoa pikipiki haiwaki. Nikawa naamka mapema naichomoa. Mama anapiga kiki mpaka anatoa kitenge mabegani, haiwaki, wanatembea kwa miguu, mimi nashukuru Mungu. Baada ya siku tatu hivi akaanza kunitazama kwa jicho la mashaka, nikaona nibadilishe mtindo, nikawa siichomoi yote, nailegeza tu, ili iwake kidogo na kuzima palepale getini, ionekane ni ugonjwa wa kweli. Jumanne ya wiki iliyopita haikuzima getini. Iliwaka vizuri, ikaondoka, ikazimia katikati ya njia panda, lori la mchanga likiwa nyuma yao. Dereva alikanyaga breki zake mpaka mchanga ukamwagika mbele ya lori, mke wangu akaruka akapoteza kiatu kimoja. Walirudi nyumbani wakicheka, Mshauri. Mama alisimulia mezani, akaigiza honi ya lori, akanigeukia akasema, "Mkwe wangu fundi, mbona unaniaibisha?" Wote walicheka, mimi nikakusanya sahani nikazipeleka jikoni. Hakuna anayejua kuwa ni mimi. Mke wangu hajui.

Mama akaipeleka kwa fundi wa pale kona. Yule akabonyeza kofia ya plagi kwa kidole gumba, ikawaka, akauliza nani huwa anamtengenezea. Mama akamtajia. Akauliza pia waya wa breki ya mbele uko wapi, akaambiwa ashughulike na alichoitiwa. Tangu siku hiyo wateja wangu wawili wamehamia kona, lakini hilo nalivumilia.

Nisiloweza kulivumilia ni Jumamosi. Mama anataka kwenda kumtembelea mdogo wake, na mke wangu atakaa nyuma. Kwa mama mdogo kunafikiwa kwa kuteremka mlima, ile barabara ya kona kumi na kitu, mteremko mtupu mpaka chini. Zile brekishuu zikipata moto hazitashika kitu. Nimefikiria kutia maji kwenye tangi la petroli, kidogo tu. Nimefikiria kuficha ufunguo. Nimefikiria kujilaza nikajifanya mahututi. Nishauri lipi kati ya hayo lina heshima zaidi, maana kumkanya mama mkwe siwezi, mdomo haufunguki.

Ni mimi,
Fundi wa Ndiyo Mama


MSHAURI ANAJIBU

Fundi,

Pole sana. Imeze vizuri hiyo pole, kwa sababu baada ya hapa hupati nyingine.

Umenipa mambo matatu nichague, nami sichagui hata moja. Maji kwenye tangi yatafanya kile kile kilichofanywa na kofia ya plagi: pikipiki itawaka, itaondoka, itazimia inapotaka yenyewe. Safari hii inaweza kuzimia kwenye kona ya tano ya mlima, na wewe uko nyumbani umejifunika shuka unajifanya mahututi. Hukujifunza kwa lori la mchanga? Mtu aliyeponea pale ni mkeo, na alipona kwa sababu dereva asiyemjua alikuwa na breki nzima. Dereva huyo mtafute umpe mkono.

Nakuelewa unavyompenda mama huyu. Ungekuwa humpendi usingeamka alfajiri kuhangaika na plagi. Na kuishi uani kwa mama wa mkeo si mchezo, kila kikohozi chako kinasikika. Lakini bwana, mteja akikuletea pikipiki yenye brekishuu za namna hiyo, unamwambiaje? Unamwonyesha, unamgombeza, unakataa kumpa ufunguo mpaka akubali. Mgeni kabisa anapata ukweli wako wote. Mama aliyekupa binti yake na vyumba viwili anapata "ndiyo mama" na breki zilizookotwa kwenye pipa. Hebu jisomee tena hapo ulipoandika kwamba ulizipangusa. Mimi nilipofika hapo niliweka karatasi chini nikazunguka ofisi.

Heshima ya kutazama miguu iache kwa mambo ya sebuleni. Kwenye breki yeye ni mteja na wewe ndiye fundi, na nadhani hata yeye anangoja kuona kama kweli ni fundi. Hakukuita mkwe wangu mpole. Alikuita mkwe wangu fundi.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na ufanye leo hii. Nakala hii nakutumia mapema kwa anwani ya bahasha yako, maana gazeti linatoka Alhamisi asubuhi, na mama mkwe wako anajua kusoma. Sijui mtaa mwingine wenye afisa mifugo mstaafu aliyemfunga jogoo bandeji na kuanika ovaroli juu ya waya wa breki. Ukichelewa, atasikia habari zako kutoka kwangu, na mimi sitasema kwa upole kama wewe.

Anza na mkeo. Mwambie yote, na lile la njia panda usilipunguze. Atakasirika. Kiatu chake kilichopotea mnunulie kingine, lakini usidhani kiatu kitamaliza maneno. Akishasema ya kusema, nendeni pamoja kwa mama, umwambie mwenyewe, "Mama, kofia ya plagi nilikuwa nailegeza mimi, nisamehe." Sema hilo kwanza. Usipolisema, yote utakayosema baadaye kuhusu breki ataona unatafuta kusafisha jina lako.

Kisha usimhubirie. Mwanamke huyu ametumia maisha yake kukagua kwato. Mfungulie gurudumu mbele yake mchana kweupe, mtie brekishuu iliyokwisha kwenye kiganja kimoja na mpya kwenye kingine, halafu unyamaze. Mkono wake utamwambia. Na marehemu usimguse. Hakumdanganya mkewe. Breki ya mbele ukiibana ghafla, au usukani ukiwa umepinda, au kwenye mchanga, kweli itakuangusha. Alimwambia nusu ya habari kwa sababu alimpenda na aliogopa, kama wewe tu. Malizia nusu nyingine: kwamba pikipiki ikifunga breki uzito wote hukimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kuisimamisha, na kinachotakiwa ni vidole taratibu, usukani umenyooka, mguu na mkono vikisaidiana.

Nunua waya mpya, ule wa uani mwachie nguo. Ukishafunga, na drumu ya mbele, kile kikombe cha breki katikati ya gurudumu, umeisafisha kutu, nendeni kwenye uwanja mpana usio na watu. Panda wewe kwanza, yeye aangalie. Halafu yeye, polepole, mara kumi, mara ishirini, mpaka aache kukanyaga breki ya mguu kana kwamba anaua nyoka. Kule kwenye banda la kuku hazikuwa brekishuu mpya zilizokosa. Ulibadilisha breki ya mtu bila kumwambia, na hilo kwa fundi ni kosa kubwa.

Kuhusu Jumamosi, jibu langu ni hapana. Hata ukifunga kila kitu leo, mtu hajifunzii breki mpya kwenye mlima wenye kona kumi na kitu. Waende kwa basi, wewe uwabebee mizigo mpaka stendi. Mwezi ujao wateremke kwa pikipiki, kwa gia ndogo ili injini isaidie kushika, bila abiria kwa mara ya kwanza. Na mkeo naye asipande tena kama gunia. Kila asubuhi kabla hajakaa abonyeze breki zote mbili, aangalie matairi yana upepo, cheni haijalegea, taa zinawaka, na ukanda wa helmeti umefungwa chini ya kidevu, wa kwake na wa mama. Haichukui hata muda wa kufunga mlango. Kimoja kikikataa, asipande, hata kama anayeendesha ndiye aliyemzaa.

Utaniambia ni rahisi kwangu kusema. Basi nikuambie ninapoandikia haya. Nina pikipiki ndogo ninayokuja nayo ofisini. Leo nilipomaliza kuisoma barua yako nilitoka nje, nikabonyeza breki yangu ya mbele, na mkono wa breki ukaja mpaka ukagusa usukani bila kushika kitu. Mimi, mshauri wa watu. Sijui imekuwa hivyo tangu lini. Nikaisukuma kwa miguu mpaka gereji iliyo karibu, na fundi, mtu ambaye hajawahi kuniona, aliitazama mara moja akasema, "Mama, hii huondoki nayo. Kaa hapo."

Maneno sita. Sasa nimekaa hapo alipoonyesha, naandika juu ya goti, naye amenipa mgongo anafungua waya.

Nilinuna kama dakika mbili. Mama mkwe wako ni mkali kuliko mimi, huenda akanuna mpaka mwisho wa mwezi. Mwache anune, ilimradi anune akiwa mzima, nyumbani kwake, na binti yake pembeni.

Mshauri wako