Sufuria ya Mtu Mmoja

Kasulu,
26 Oktoba 1975

Kwa Mama,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta umeamka vizuri na goti limekupa nafuu. Sisi huku tupo. Sylvesta bado anajenga mabweni ya chuo cha walimu, jioni anarudi na saruji hadi kwenye nyusi. Epifania ametimiza miaka minne na anauliza kila kitu. Mdogo wake Pasikali ana meno mawili, anayajaribu kwangu. Silali sana, lakini si ugonjwa.

Kilichonifanya nikae chini kuandika ni hiki. Mwezi huu majirani zetu Waislamu wamesherehekea Idd. Bi Kuruthumu hapa ng'ambo aliletewa na mumewe kikaango kipya, kizito, na mtaa mzima tulijua kabla hajatangaza, kwa harufu ya chapati. Akanigawia mbili. Nilipokuwa nakula nikakukumbuka wewe. Nikamwambia Sylvesta, mama yako anapenda kupika kuliko mtu yeyote ninayemjua, na tangu nimeolewa sijaona mtu akimpa kitu cha jikoni. Tunampelekea khanga, tunampelekea sabuni. Akasema, "Basi muulize."

Basi nakuuliza. Krismasi hii unataka nini cha kupikia? Dukani kwa Mzee Abdulrahmani kuna visu, kuna machujio ya chai, kuna sahani za bati zenye maua, na sufuria zikifika hazikai. Sema mapema. Tena usinijibu "chochote mwanangu". Chochote hakiuzwi dukani.

Ni mimi mke wa mwanao,
Esteri


Kitahana,
16 Novemba 1975

Kwa Esteri,

Barua hii inaandikwa na mimi Tharsisi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mama anasema, mimi naandika. Yeye ameshajua kuandika jina lake, ila anasema jina peke yake halijazi barua.

Anasema: Marahaba. Mimi mzima, goti ni lile lile, sasa limekuwa kama jirani. Wape watoto salamu, na huyo wa meno umpake asali kwenye fizi.

Umeniuliza vizuri, nami najibu vizuri. Nataka sufuria kubwa. Ile ambayo mtu akiibeba kichwani huoni uso wake.

La pili si la dukani. Nataka Epifania. Ziwa ameacha zamani, na wewe una mwingine mgongoni. Mtoto wa kwanza hukulia jikoni kwa bibi yake, ndivyo tulivyo sisi. Mtakapokuja Krismasi mniachie. Nitamfundisha kusonga ugali wa muhogo usio na madonge. Wewe utapumzika.

(Nimemwambia mama kwamba hayo ni mambo mawili makubwa kwa barua moja. Ameniambia niandike, nisihubiri. Tharsisi.)

Mama wa mumeo,
Maximilla


Kasulu,
30 Novemba 1975

Kwa Mama,

Shikamoo tena. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa nanyonyesha, mara ya pili nikiwa nimesimama. Asali tumempaka, amelala saa nzima, Mungu akubariki.

Sufuria inakuja kwa lori la Mzee Abdulrahmani. Si kubwa. Nimefikiri, mama. Uko peke yako, kuni siku hizi unazifuata mbali, na goti lako ndilo hilo. Nimechagua ndogo, mfuniko wake unakaa sawasawa, inachemka upesi. Inakutosha kabisa. Krismasi yenyewe hatutaweza kuja. Pasikali anakohoa, na kazini kwa Sylvesta wanataka mabweni yapate paa.

Kuhusu Epifania, hapana. Nasema kwa heshima, magoti chini, lakini ni hapana.

Mimi mwenyewe nilikulia kwa bibi, kule Busunzu. Alinipenda, sina neno naye. Lakini siku niliyorudishwa nyumbani ili nianze shule, mama alinifungulia mlango, nami nikamwamkia kama mtu baki na kumuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Alicheka. Halafu akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka jua likazama. Mpaka leo tunapendana kwa adabu, mimi na mama yangu. Sitaki Epifania anipende kwa adabu.

Nimechoka kweli, umeona vizuri. Lakini kuchoka si sababu ya kumtoa mtoto.

Ni mimi mke wa mwanao,
Esteri


Kasulu,
11 Januari 1976

Kwa Mama,

Shikamoo. Sijui sikukuu ulizionaje, maana sijapata mstari kutoka kwako. Sisi tulikula wali na kuku wa Bi Kuruthumu. Kikohozi cha Pasikali kimekwisha, sasa ni zamu yangu.

Jana dereva wa lori amenirudishia sufuria. Imesuguliwa kwa majivu inang'aa kuliko siku niliyoinunua, imefungwa kwa majani ya mgomba. Nikafunua mfuniko. Tupu.

Mama, hata mimi ni Muha. Chombo hakirudi kitupu. Hata jirani uliyegombana naye unamwekea konzi ya maharage, au chumvi kidogo, ili chombo kisione haya njiani. Sylvesta alitazama ndani kama mtu anayetazama kisimani, akasema, "Mama amekasirika."

Nikasema, "Nimeona."

Akasema, "Labda tumpe mtoto, hata mwaka mmoja tu."

Nikamwambia, "Sema tena." Hakusema tena.

Epifania naye akauliza bibi amepika nini humo. Nikamjibu, amepika upepo. Unisamehe, nilikuwa na homa na hasira pamoja.

Kama umekasirika kwa ajili ya mtoto, niambie wazi. Jibu langu halibadiliki, ila tutakuwa tunajuana. Kama ni kwa ajili ya sufuria, niambie pia. Mpaka leo sijaelewa, mtu mmoja anataka sufuria ya harusi ya nini?

Ni mimi,
Esteri


Kitahana,
22 Februari 1976

Kwa Esteri,

Ni Tharsisi tena. Mama amekuja na barua yako akaniambia nimsomee polepole. Kwenye "upepo" amecheka. Kisha ameacha kucheka. Sasa anasema.

Esteri, pole kwa homa. Kunywa uji wa moto, usifue nguo asubuhi.

Sufuria sikuirudisha tupu ili nikutukane. Nilisimama nayo nikitafuta cha kuweka. Konzi mbili za maharage, imejaa. Nikaona haya, nimpelekee mwanangu na wajukuu chakula cha kujaza kiganja? Nikaona afadhali tupu. Kumbe tupu ni mbaya zaidi. Sawa, nimekosea.

Krismasi niliipikia humo humo. Nilimaliza kula kabla chai haijapoa. Ugali wa mtu mmoja si ugali, ni dawa. Kule mlimani, kabla hatujahamishiwa kijijini, nilikuwa nikipika hata mpita njia anakula. Hapa nyumba zimepangwa kama meno, kila mtu kwake, na moshi wa kila mtu ni wake. Nikipika kingi kinalala, kinaliwa na kuku. Na mkono wangu haujui kupima kidogo.

Na jingine. Unadhani nilizaliwa najua kupika? Sylvesta ni mtoto wangu wa kwanza. Mama mkwe wangu alimchukua. Walikuja mchana, nimetoka shambani, nimelala. Walisema, mama akiwa amelala hakuna kulia. Nilipoamka mkeka ulikuwa bado na joto la mtoto.

Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya bonde. Sikuwa na ruhusa ya kwenda kumdai. Basi nikaanza kupika. Maharage kwa mawese, isombe ya majani ya muhogo, dagaa wa Kigoma wakipatikana, chungu kikubwa, mlango wazi, upepo ukielekea kule. Siku nyingine nilimwona anashuka bonde peke yake, tumbo mbele. Anakula. Wanamfuata, wanamrudisha. Kesho nabandika tena. Ndivyo nilivyojifunza.

(Hapa nimeweka kalamu chini. Nimemuuliza kama hili kweli niliandike. Amesema: andika, yeye atalisoma. Tharsisi.)

Halafu mimi huyo huyo nikakuomba wako. Nimesikia ulivyojibu. Sina la kuongeza.

Mama wa mumeo,
Maximilla


Kasulu,
4 Aprili 1976

Kwa Mama,

Shikamoo mama yangu. Homa iliondoka zamani, uji nilikunywa. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza mara tatu na kila mara mtoto akalia, na mara moja nililia mimi.

Barua yako nilimsomea Sylvesta akiwa anakula. Nilipofika kwenye bonde aliweka tonge chini. Baadaye akasema anaikumbuka ile harufu, alikuwa anaisikia akiwa kwa bibi yake, akidhani bonde lenyewe ndilo linanukia hivyo. Kisha akatoka akaenda kuoga mara ya pili. Wewe unamjua mwanao, hata mara ya kwanza huwa namkumbusha.

Epifania atabaki kwangu. Hilo halijabadilika, na naomba tusiliguse tena. Lakini sufuria nilikosea mimi. Nilipima kuni, nilipima goti, wewe sikukupima.

Kubwa nimeipata. Mzee Abdulrahmani ameniuliza, "Unamwoza nani, mama?" Nikamwambia namwoza mkwe wangu kwa kijiji kizima. Sitaituma kwa lori. Tunaileta wenyewe Pasaka, wote wanne, na tutakaa juma zima. Waalike hao wa nyumba zilizopangwa kama meno. Kama hawaji, acha mlango wazi, dawa yake unaijua.

Ile ndogo pia inarudi. Ni ya Epifania, apikie kando yako, umfundishe huo ugali usio na madonge. Tukiondoka anaondoka na sufuria yake, mkono wake mwingine nimeushika mimi.

Ni mimi mke wa mwanao,
Esteri


Kitahana,
14 Novemba 1976

Kwa Esteri,

Naandika mimi. Mwalimu Tharsisi amekaa mbali. Nimemkataza kuchungulia.

Hujambo. Mume hajambo. Watoto hawajambo. Mimi sijambo. Goti lipo.

Sufuria kubwa inatembea nyumba kwa nyumba. Wanaiazima. Hairudi tupu. Jana imerudi na viazi.

Mwaka jana uliniuliza nataka nini. Mwaka huu nauliza mimi. Wewe unataka nini. Usiseme chochote. Chochote hakiuzwi.

Najua utasema kikaango. Kikaango nimekutafutia. Lakini si hicho.

Pasaka nilikuona. Ulilala umekaa na mwiko mkononi. Nikimbeba mtoto unafungua macho. Nikimweka chini unafumba. Kila siku hivyo. Sikukasirika. Mimi pia siku ile ya mkeka ningelala hivyo.

Njooni Krismasi. Nitapika mimi. Wewe lala. Usilale umekaa. Lala kitandani, funga mlango.

Ukiamka watoto wako wapo.

Mama yako
Maximilla