Siti Niliyoinyanyua Nyuma

Mke wangu Mama Faraja,

Kamwene. Kamwene tena, maana najua ile ya kwanza hukuitikia. Mnaendeleaje hapo nyumbani Mafinga? Mtoto mzima? Mama kile kifua kimempa nafuu, au bado anakohoa mvua zikianza? Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine yamo humu, na nakuomba uyasome mpaka chini kabla hujaikunja barua ukaiwashia jiko la maranda.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu umenizimia. Nikipiga, naambiwa hupatikani. Nikipiga kwa mama, mama anasema umetoka, na nyuma yake nasikia cherehani inaita. Nimeishi na hiyo cherehani, naijua sauti yake na najua nani anaikanyaga. Sikulaumu. Basi kuna binti wa kanisa la hapa anakuja Iringa kufundisha, amekubali kubeba bahasha hii na kumpa kaka yako akipita na lori lake la mbao. Kwa njia hiyo hakuna mtu wa kusema hupatikani.

Nataka kukueleza ile picha ya siti. Najua ndiyo iliyotufikisha hapa, ingawa najua pia kwamba haiko peke yake.

Unakumbuka nilikwambia kwamba kazi yangu hapa Ufini ni kupeleka kuni na chakula kwenye vibanda vya watalii vilivyo mlimani. Barabara hakuna, kuna theluji tu, kwa hiyo tunatumia pikipiki ya theluji. Haina matairi. Mbele ina miguu miwili mipana ya kuteleza, nyuma ina mkanda wa mpira unaozunguka chini kwa chini kama trekta la minyororo. Nyuma unafunga sleji ya kuni, mkokoteni wa kuteleza usio na magurudumu, unakwenda. Ukiiona kwa mbali ni mchezo. Ukiipanda ndiyo utajua.

Sasa ile niliyopewa mimi ina siti ya chini mno. Wewe unanijua urefu wangu, ndiyo maana siku ya harusi mpiga picha alikusimamisha juu ya ngazi ya kanisa. Nikikaa, magoti yanakuja karibu na kidevu, nimechuchumaa kama mtu anayepuliza moto. Kwenye tambarare unavumilia. Lakini pale njia inapokata ubavuni mwa mlima, mashine inataka kulalia upande wa bondeni, na dereva anatakiwa anyanyuke haraka, asimame, atupe uzito wake upande wa juu. Mimi mpaka nijikunjue pale chini, mashine imeshalala na mimi niko chini yake. Nimeanguka hivyo mara nyingi mpaka wenzangu wameacha kucheka.

Bosi wetu ni mama mmoja wa makamo, anaitwa Aino. Si mtu mbaya, ila maneno yake ni machache mpaka unajiuliza kama umemkosea. Aliniona narudi kuni zimemwagika, akasema, "Wewe si ulikuwa fundi wa viti kwenu? Kinyanyue."

Mama Faraja, nilifurahi! Tangu nije huku hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa nani. Nikaenda stoo, nikapata godoro kuukuu na turubai. Nikachonga sponji, nikashona kava kwa mkono, mshono wetu ule wa kurudia. Nilipomaliza nikaipiga picha, nikakutumia papo hapo. Nilijua utatafuta kasoro kwenye mshono, nikawa nakaa na simu mkononi nikisubiri unitanie. Ukapiga wewe mwenyewe. Maneno yako nayakumbuka yote.

"Baba Faraja, hiyo siti umenyanyua nyuma kwa ajili ya nani?"

"Ya nani tena? Si yangu mwenyewe?"

"We! Unidanganye mimi? Siti za bodaboda nashona kila siku hapa stendi. Siti ya mtu mmoja hainyanyuliwi nyuma hata siku moja. Unampakia nani huko?"

"Nabeba kuni, mama."

"Kuni ndiyo zinawekewa siti laini hivyo? Haya bwana. Mpakie salama huyo kuni wako. Ila nikwambie kitu, mi nimechoka. Mahindi yakivunwa hujarudi, nachukua mtoto naenda zangu Kalenga kwa mama. Usije ukasema sikukwambia."

Ukakata. Tangu siku hiyo hupatikani.

Nikaenda kuiangalia siti, nikaona ulichokiona. Kweli nimeinyanyua nyuma, kimo cha kiganja kizima, na mbele nimeiacha chini. Siti ya abiria kabisa, safi, ya kumpeleka mtu Sao Hill asiteleze. Nakuapia, mke wangu, hakuna abiria. Ni mikono. Miaka yote pale stendi hakuna aliyewahi kuniletea siti akasema niinyanyue kwa ajili ya dereva. Sisi dereva hatumfikirii, dereva anakaa popote. Nyuma ndiko anakokaa mwenye kulipa. Nilipoambiwa nyanyua, mikono ikanyanyua kule inakokujua, na mimi nikaitazama ikifanya hivyo bila kushtuka. Mwambie fundi yeyote wa pale akueleze kama nasema uongo. Huku hakuna hata mmoja ambaye angekosea hivyo.

Na kama ulitaka niadhibiwe, niliadhibiwa. Siti ile ilikuwa inanimwaga mbele, tumbo kwenye usukani, uzito wote ukaenda kwenye miguu ya mbele ikawa inachimba theluji badala ya kuteleza, huku mkia unayumba wenyewe. Juu ya hapo, godoro lilikunywa maji. Kwetu siti ikilowa unaianika, jua linamaliza kazi. Hapa maji yaliingia kwenye matundu ya sindano yakaganda, kesho yake nikakuta nimekalia jiwe. Jiwe lenye utelezi. Nilipofika ubavuni mwa mlima nikateleza kama sabuni, mashine ikaja juu ya mguu wangu, sleji ikapinduka.

Mguu haukuvunjika, mwambie mama asianze kulia. Theluji ni laini, uliingia tu ndani. Lakini nililala pale muda, siwezi kuutoa, na mchana wa huku jua halichomozi, kuna mwanga wa kijivu tu usiojua kama ni asubuhi au jioni. Nikaita. Nikaita kwa Kihehe, sijui kwa nini, ni nani huku angeelewa? Na nilichokuwa nawaza si kufa. Niliwaza kwamba nikifia hapa, wewe utabaki unajua kwamba nilikuwa nimemshonea siti mwanamke. Hapo ndipo nilipolia, tena kwa sauti.

Wenzangu walikuja wakanitoa. Aino akasema, "Jumamosi utapanda mpaka juu na sleji iliyojaa, mbele yangu. Ukiweza, nakuongezea mkataba. Ukishindwa, utaosha vyombo mpaka theluji iyeyuke, halafu utakwenda kwenu."

Hilo neno kwenu alilisema kama mtu anayetaja adhabu. Mimi nilisikia Mafinga. Nilisikia harufu ya mbao mbichi, na Faraja akiniona kwa mara ya kwanza si kwenye kioo cha simu. Ningeweza kuacha siti vilevile. Ningekaa juu ya lile jiwe, ningeanguka Jumamosi, na hakuna mtu Mafinga angeweza kunisema, maana ningekuwa nimefukuzwa, sijakimbia. Unawajua watu wetu. Nyumba imeishia kwenye lenta, haina hata paa, halafu mwanaume anarudi kutoka Ulaya kwa hiari yake? Mpaka kwenye vilabu vya ulanzi wangenijadili.

Nikaamua kuanguka. Nakuandikia ukweli, niliamua.

Halafu Ijumaa nikapita stoo, nikaiona siti ile imelala pale, mshono wangu umepasuka kwa barafu, nikashindwa. Si kwamba nilibadili mawazo. Niliona aibu tu, kama unapoona mtoto wako kakaa na pua chafu mbele za watu. Nikaifumua. Nikapata yale matandiko ya kulalia kambini, sponji yake imebana, haiingizi maji. Nikapanga tabaka juu ya tabaka, nikagundisha, sawasawa kutoka mbele mpaka nyuma, na mbele nikapunguza mabega ili mapaja yapite. Nikapima kwa kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, mpaka magoti yakakubali. Kava nikashona la kipande cha hema, na kila tundu la sindano nikaliziba kwa gundi. Nilikuwa naimba, mke wangu. Nilijisikia naimba nikanyamaza.

Jumamosi nikapanda. Jinsi ilivyokuwa rahisi, sina namna ya kukueleza. Nimekaa juu, naona njia mbele, magoti yamefunguka. Tukafika ubavuni, mashine ikaanza kulalia bondeni, na mimi nikawa tayari nimesimama, nimeegemea juu, nayo ikanyooka ikanitii. Kila kona niliiambia moyoni, niangushe. Sasa hivi, hapa, niangushe. Mikono ikawa inafanya kazi yake. Nilifika juu hakuna hata gogo moja lililodondoka.

Aino alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda. Akapiga makofi na glovu zake. Akasema, "Umeweza. Baridi ijayo na ile nyingine, uko nasi." Akanipa mkono. Mimi nikakaa chini kwenye theluji nikalia, naye akadhani ni furaha, akaniachia nifurahi.

Karatasi bado sijaweka sahihi. Amenipa mpaka theluji iyeyuke, na wewe umenipa mpaka mahindi yavunwe, na hizo siku zinakuja pamoja. Nikiweka sahihi, sitoki huku baridi mbili. Najua Kalenga utakwenda, najua hutarudi, na kwa kweli ningekuwa mimi ningekwenda mapema zaidi.

Nisalimie mama yangu, mwambie ale dawa asimpe jirani. Msalimie mama mkwe huko Kalenga kwa heshima zote, hata kama umeshamweleza habari za abiria wangu. Kaka yako, mwambie nashukuru kubeba bahasha, na aache kushuka ule mlima wa Kitonga na gia kubwa. Yule kijana wa bodaboda aliyetuachia siti yake tangu sijaondoka, kama bado anadai, mpe pole. Faraja mpe busu kwenye paji la uso, usimwambie limetoka kwa nani kama hataki kusikia.

Mama Faraja, nimejaribu kurudi kwa kushindwa, nikashindwa kushindwa. Kurudi kwa miguu yangu mwenyewe, mbele ya macho ya watu wote wale, sina ubavu huo. Nahitaji uniite. Usinieleze lolote, usinisamehe kama hujanisamehe. Sema tu rudi, na karatasi ya Aino nitaichania mbele yake. Theluji ikiisha na sijasikia kitu, nitajua umeshanijibu, nitaweka sahihi.

Ni mimi mume wako, wa peke yake juu ya siti,

Baba Faraja