Nilivyofungua Foleni ya Malori

Jumatano, usiku

Usingizi hauji kwa furaha. Leo Tunduma nzima imejua mimi ni nani.

Gari la wagonjwa lilikwama kwenye foleni ya malori ya mpakani, king'ora kinalia bure. Nyuma alilala mke wa mwanangu, mke wangu kando yake, uchungu umembana, mtoto amekaa vibaya. Mimi nilikaa mbele na dereva. Nikashuka, nikaanza kugonga malori kwa fimbo.

"Sogeza! Mjukuu wangu anapita!"

"Mzee, nisogee wapi, juu ya mti?" dereva mmoja akanijibu, anasonga ugali kando ya tairi.

"Hata juu ya mti! Beba na sufuria yako!"

Akacheka, akasogea. Wa mbele yake naye akasogea. Nikatangulia kama mkubwa wa msafara. Sikugeuka nyuma hata kidogo, maana kwetu baba mkwe hamtazami mkamwana. Ila masikio yalikuwa huko. Aliponyamaza kulia niliogopa, nikazidi kugonga malori hadi njia ikafunguka.

Jioni mke wangu karudi kutoka hospitali. "Wa kiume, wote wazima. Mkweo anasema alikuona mgongo kupitia kioo, eti ulikuwa unacheza."

Uongo! Nilikuwa naongoza magari.

Sasa hivi ndiyo nacheza.